Sentimita Chache Juu ya Chuma: Namna Danki Zinavyojifunzwa

Kila anayecheza mpira wa kikapu kwa kujifurahisha amewahi kusimama chini ya ringi, akaitazama, akaruka na kuigusa kwa ncha za vidole, kisha akajiambia: bado kidogo. Miezi sita baadaye anaigusa kwa kiganja kizima na bado hajadanki, yaani hajaushindilia mpira kikapuni kutoka juu ya chuma. Anaruka juu kuliko zamani, wenzake wanaona, lakini akishika mpira ule mruko unayeyuka. Hapo wengi hukata tamaa na kusema danki ni za warefu.

Nilikaa katika hali hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Siku zote nilijiuliza swali moja tu, niruke vipi juu zaidi, kumbe kilichonikwamisha ni mpira: ninaushikaje, unapita njia gani kutoka kiunoni hadi juu ya chuma, na uko wapi mwili unapofika kileleni. Ukilitazama jambo hili kwa jicho hilo, hata majina yanayochanganya watu, tomahoki, windimili, rivasi, 360, yanaanza kujipanga. Karibu danki zote ni mruko uleule. Kinachobadilika ni safari ya mpira, na kila safari ina muda wake.

Deni lako ni sentimita ngapi?

Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, yaani futi 10. Kimo hicho hakikutokana na hesabu ya mtaalamu yeyote. James Naismith alipobuni mchezo huu mwaka 1891 kule Springfield, Massachusetts, alitundika vikapu vya kubebea matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi, na ukingo ukawa futi 10 kutoka chini. Basi. Sisi tunaoteseka leo tunateswa na roshani.

Chukua kipimo kimoja kabla ya vingine vyote. Simama ukutani, visigino vikiwa chini, nyoosha mkono juu kadiri uwezavyo, weka alama. Kinachodanki ni alama hiyo; kimo cha kichwa chako hakihusiki sana. Watu wawili wa mita 1.85 wanaweza kupishana kwa sentimita kadhaa pale ukutani, kwa sababu mikono na mabega hayafanani.

Tuseme alama yako ni mita 2.44. Ili kudanki kwa mkono mmoja, ncha za vidole zinapaswa kupita chuma kwa kama sentimita 15 hadi 20, maana mpira wenyewe una kipenyo cha karibu sentimita 24 na tumbo lake lazima livuke chuma cha mbele. Kwa hiyo unatafuta walau mita 3.20. Toa 2.44 na deni lako ni sentimita 76. Ni mruko mkubwa, lakini kijana mwenye afya anayeruka kwa kukimbia anaweza kuufikia akijituma. Mwenye alama ya mita 2.31 anadaiwa sentimita 89, na hapo kazi inakuwa nzito kweli. Spud Webb, mwenye kimo kisichofika mita 1.71, alishinda shindano la danki la NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1986, na Nate Robinson mwenye mita 1.75 alilishinda mara 3. Hao ni watu wa nadra na mtu asijipime kwao, ila wanatuonyesha kwamba mlango haujafungwa kwa komeo.

Sasa kuna hesabu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoeleza kila kitu kitakachofuata. Ukiruka sentimita 76, uko hewani kwa karibu sekunde 0.79. Nusu ya muda huo unaitumia kwenye robo ya juu ya mruko, kwa sababu mwili hupanda ukipungua kasi, husita kileleni, kisha huanza kushuka polepole. Ndiyo maana mrukaji mzuri huonekana kama anaelea.

Ukifika kileleni ukiwa umezidi kimo unachohitaji kwa sentimita 5 tu, mkono unakaa juu ya kimo hicho kwa sekunde 0.2. Ukizidi kwa sentimita 20, unakaa kwa sekunde 0.4. Tazama hapo: kuzidisha ziada mara 4 kunakupa muda mara 2 tu. Sentimita za kwanza ndizo za dhahabu. Mtu ambaye ziada yake ni sifuri lazima kila kitu kigongane kwa wakati mmoja kamili: mguu, mkono, mpira, chuma. Mwenye ziada ya sentimita 5 ana pumzi ya kukosea kidogo. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kukosa danki kwa mwaka mzima, kisha ndani ya wiki 3 akapiga 10. Hakuota mabawa. Amevuka mstari mwembamba.

Mpira unavyokula mruko

Fanya jaribio dogo. Kimbia, ruka, gusa ringi bila mpira, mtu akurekodi kwa simu. Rudia ukiwa na mpira. Ukiweka picha hizo mbili sambamba utashangaa ulivyopungua.

Sababu ya kwanza ni mikono. Bila mpira, mikono yote miwili hurudi nyuma ya mwili kisha hupanda kwa nguvu, na mpando huo unauvuta mwili juu. Ukibana mpira kifuani, injini hiyo umeizima. Sababu ya pili ni hatua. Anayedunda mpira anapanga miguu yake kuufuata mpira badala ya kuufuata mruko, akifika pa kurukia hatua zimekatika.

Dawa ya zote mbili ni lobu ya kujirushia. Unaurusha mpira juu kuelekea ringi, unaudundisha mara moja chini, unauacha upande, wewe unakuja mbio mikono ikiwa huru, unaruka, unaudaka karibu na kilele na kuushindilia. Wapiga danki wa maonyesho huitegemea sana mbinu hii. Mwanzoni itakuudhi, kwani kujifunza kurusha lobu inayodunda mahali pamoja kila mara ni ufundi unaojitegemea. Nenda uwanjani siku moja bila nia ya kuruka kabisa, urushe lobu 100. Tafuta ile inayopanda wima karibu na upande wa mkono wako, kwa kimo cha chuma au juu yake kidogo, bila kuzunguka sana.

Kisha kuna kuushika. Wenye viganja vikubwa huubana mpira kwa vidole ukielekea chini na haudondoki. Kama wewe si wao, kuna njia ya kuukunjia kifundo: kiganja kinaupokea mpira kwa upande, kifundo kinakunjwa, na mpira unalazwa kati ya kiganja na kigasha. Ukiuzungusha mkono kwa kasi, mpira unajibana wenyewe kwenye kigasha, kama maji yanavyobaki ndani ya ndoo inayozungushwa. Danki nyingi za duara hupigwa hivyo, hata na wenye viganja vikubwa. Kasoro yake ni kwamba ukisita katikati, mpira unakuaga.

Wala si lazima uanze na mpira wa kikapu. Anza na wa tenisi, ambao haukudai chochote ila kimo. Fuata na wa voliboli, kisha wa kikapu saizi 5, halafu saizi 6 wanaotumia wanawake, ambao mzingo wake ni pungufu kwa kama sentimita 3 kuliko saizi 7. Nilidanki mpira wa tenisi kwa miezi na nikawa naona aibu kuufurahia. Sasa naona ndiyo miezi iliyonifundisha mkono uende wapi.

Mguu mmoja au miwili

Mrukaji wa mguu mmoja huishi kwa kasi. Anakuja mbio, mguu wa kurukia unatua mbele ya mwili kidogo ukiwa karibu umenyooka, unagusa chini kwa muda mfupi sana, goti la mguu wa pili linapandishwa juu, na mbio zote zinageuka kuwa mpando. Mwenye mkono wa kulia kwa kawaida hurukia mguu wa kushoto, kama anavyofanya kwenye leiapu, ile ya kuja mbio na kuuweka mpira kikapuni kwa mkono bila kuushindilia. Julius Erving katika shindano la ABA, ligi iliyokuwa ikishindana na NBA, mwaka 1976 kule Denver, na Michael Jordan katika lile la NBA la mwaka 1988 kule Chicago, walirukia mguu mmoja kutoka kwenye mstari wa mtupo huru au pembeni yake kabisa. Mstari huo uko kama mita 4 kutoka ukingo wa mbele wa ringi. Miguu miwili ni vigumu ikufikishe huko.

Mrukaji wa miguu miwili huishi kwa nguvu na breki. Hatua ya kabla ya mwisho huwa ndefu na ya chini, nyonga zinashuka, kisha miguu inatua mmoja baada ya mwingine kwa haraka, pa-pa, na ule wa mwisho unatua kwa pembe kidogo ukizuia mwili usiendelee mbele. Kasi iliyozuiwa inakwenda juu. Dominique Wilkins, mshindi wa shindano la NBA mwaka 1985 na 1990, alisifika kwa kupanda hivyo na kushindilia kwa nguvu. Faida yake ni utulivu: mwili uko imara hewani na mikono yote miwili iko tayari kwa kazi.

Jaribu zote mbili kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua. Wengi wana upande wao wa asili, na kuulazimisha mwingine ni kujichosha bure. Ila kuna kosa moja linalowapata wote: kurukia karibu mno. Mtu anaogopa kutofika, anaingia hadi chini kabisa ya ringi, anaruka, na chuma kinakuwa juu ya kisogo chake. Weka alama ya chaki pale unaporukia unapofanya vizuri, kisha uiheshimu. Wa mguu mmoja itakuwa mbali zaidi kuliko wa miwili.

Danki na safari zake

Danki ya mkono mmoja ndiyo mlango. Mpira unapanda kwa njia fupi kuliko zote, kutoka nyongani hadi juu ya chuma, mkono umenyooka, na kifundo kinamalizia. Wanaoanza hukosea kwa kuupiga mpira kwa hasira. Unagonga chuma cha nyuma na kuruka hadi katikati ya uwanja, watu wanacheka. Danki yako ya kwanza iwe ya kuweka: upeleke mpira juu ya tundu kisha uushushe. Ringi ina kipenyo cha karibu sentimita 45 na mpira 24, nafasi ipo. Nguvu zitakuja zenyewe.

Ya mikono miwili inadhaniwa kuwa rahisi zaidi, na kwa kiasi fulani ni kweli, maana mpira hauponyoki. Lakini inadai kimo zaidi. Ukinyoosha mkono mmoja, bega la upande huo hupanda na la pili hushuka, na unapata sentimita za bure. Ukinyoosha miwili, mabega yanabaki sawa. Jaribu ukutani uone tofauti yako. Mwenye kiganja kidogo na mruko wa miguu miwili anaweza kuianza hii kabla ya ile ya mkono mmoja, na mimi ningemshauri hivyo.

Rivasi ni danki ya kuingia ukiipa ringi mgongo, na ina sifa kubwa kuliko ugumu wake. Unakuja kutoka pembeni au kwenye mstari wa mwisho, unaruka ukipita chini ya ringi, na unamalizia upande wa pili ukitazama uwanja. Mruko ni uleule na mpira hauzungushwi. Kigumu ni macho: kwa sehemu ya safari huoni chuma vizuri, na mkono unakwenda nyuma ya kichwa, ambako bega la mtu asiye na unyumbufu linagoma. Ifanye kwanza kwa leiapu ya kinyumenyume mpaka mkono ujue ringi iko wapi hata bila kutazama. Uangalie na kutua, kwani mwili huelekea kuanguka kwa nyuma.

Tomahoki ni mpira kurudishwa nyuma ya kichwa kisha kushushwa kama shoka. Hapa ndipo hesabu yetu ya sekunde inapoanza kudai. Kurudisha mkono na kuuleta mbele kunakula muda, na usipokuwa na ziada ya sentimita kadhaa, shoka litashuka wakati mwili nao umeshashuka. Siri yake ni kuanza mapema: mpira uwe tayari nyuma ya kichwa ungali unapanda, ili kileleni kibaki kitendo kimoja tu, cha kushusha. Nimeona wengi wakisubiri wafike juu ndipo warudishe mkono. Wanagonga chuma cha mbele kila mara na kulaumu miguu.

Kanuni hiyo ndiyo inayofungua danki zote za mapambo. Kinachoonekana kama kimefanyika kileleni, kwa kweli kilifanyika njiani. Chukua dabo klachi, ambapo mpira unapandishwa, unashushwa hadi kifuani au tumboni, kisha unapandishwa tena. Mtazamaji huona mtu aliyesimama hewani na kubadili mawazo. Ukiipunguza kasi kwenye video, utaona mpira ulishaanza kushuka ungali mwili unapaa.

Windimili ndiyo ndoto ya wengi, na ni ya haki kuiota. Mkono unachora duara kamili: mpira unatoka mbele ya mwili, unashuka kupita nyongani, unakwenda nyuma, unapanda juu ya bega, na kushuka ndani ya kikapu. Wanaoshindwa kwa kawaida hawakosi kimo. Wanachora duara kubwa mno kwa kuchelewa. Mpira unatakiwa uwe unaelekea chini wakati miguu inaacha ardhi, na uwe nyuma yako ungali nusu ya njia. Kifundo kikunjwe, mpira ukae kwenye kigasha, na duara lisisimame popote. Anza na nusu duara, mpira ukiishia nyongani kisha kupanda, kabla ya kuutanua. Unaweza kulifanya duara hilo umesimama, mara 30 kwa siku, hadi mpira uache kudondoka. Hakuna anayekuona, hakuna linalouma.

Danki ya 360, ya kuzunguka duara zima hewani, ina fumbo tofauti, na ni fumbo la fizikia. Ukishaacha ardhi huwezi kujianzishia mzunguko. Ule ulioondoka nao ndio huohuo. Unachoweza kufanya hewani ni kuuharakisha kwa kuvuta mikono na mpira karibu na mwili, au kuupunguza kwa kuitanua. Kwa hiyo mzunguko unapatikana miguuni: hatua za mwisho zinapinda, mabega yanaanza kugeuka, na mguu wa mwisho unasukuma kwa upande. Kujua uzunguke upande gani, ruka bila mpira ukigeuka kulia mara 10 na kushoto mara 10. Mwili wenyewe utakuambia. Kisha geuza kichwa mapema kuitafuta ringi, kwani kichwa kikichelewa mpira unakwenda unakojua wenyewe. Wengi huona nusu ya kwanza ya mzunguko inapita kirahisi na ya pili inakwama, na karibu kila mara sababu ni kuutanua mkono wenye mpira kabla ya wakati.

Halafu kuna ile ya kupitisha mpira katikati ya miguu, inayojulikana kwa jina la Eastbay. Isaiah Rider aliitumia kushinda shindano la mwaka 1994, na Vince Carter aliipiga kule Oakland mwaka 2000 akiupokea mpira uliodunda kutoka kwa Tracy McGrady. Mpira unashuka, unapita chini ya paja lililoinuliwa, unapokewa na mkono wa pili, na mkono huo unaupandisha hadi juu ya chuma. Ni safari ndefu kuliko zote nilizozitaja, na ina makabidhiano ndani yake. Kosa kuu ni kupeleka mpira chini kuufuata mguu. Leta goti juu kuufuata mpira: kadiri paja linavyopanda, ndivyo safari ya mpira inavyofupika. Kwa hiyo unyumbufu wa nyonga hapa una thamani sawa na nguvu za miguu.

Aliupu, yaani kudaka pasi hewani na kuishindilia kabla hujatua, na ile danki ya kudaka mpira uliokosa na kuurudisha hazihitaji maelezo marefu. Ni danki za kuwahi, na mazoezi yake ni kuruka na mpasiaji mmoja mara nyingi hadi mzoeane. Kuna kisa kimoja tu cha kutaja. Danki ilipigwa marufuku katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kuanzia mwaka 1967 hadi 1976. David Thompson alichezea North Carolina State ndani ya miaka hiyo, na alikuwa akizidaka pasi za juu kabisa, juu ya chuma, kisha anaudondosha mpira taratibu kikapuni kwa sababu sheria haikumruhusu kuushindilia. Ukiwa umekwama, mwige: panda, udake, uudondoshe. Ni danki iliyotolewa nguvu, na ndiyo mazoezi bora ya danki yenyewe.

Ishushe ringi, acha kiburi

Ringi ya kushushwa ndiyo darasa la kweli, na ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Mtu mzima anaona haya kudanki kwenye mita 2.60. Lakini mkono unajifunza duara la windimili kwa kulirudia mara mamia, na huwezi kulirudia mara mamia kwenye kimo ambacho unafika mara moja kati ya 10. Shusha hadi pale unapofanikiwa mara 8 kati ya 10, kisha pandisha kwa sentimita 5. Ukifeli wiki nzima, rudi chini. Kila danki ina kimo chake: unaweza kuwa na ya mkono mmoja kwenye mita 3.05, rivasi kwenye 3.00, windimili kwenye 2.85 na Eastbay kwenye 2.65, zote kwa wakati mmoja, na hakuna aibu yoyote hapo. Hicho ndicho kitabu chako cha maendeleo, chenye ukweli kuliko kupima mruko ukutani.

Angalizo moja tu: usibebe tabia za ringi fupi. Kwenye ringi fupi unaweza kuchelewesha mkono na bado ukafunga. Jirekodi kwa upande na utazame fremu moja baada ya nyingine mpira uko wapi mwili unapokuwa kileleni. Kama bado uko begani, danki hiyo haitapanda nawe.

Magoti, visigino na chuma chenyewe

Mruko unajengwa na vitu viwili vinavyotegemeana: misuli yenye nguvu, inayopatikana kwa kuchuchumaa na uzito, kunyanyua uzito kutoka chini na kupandisha visigino, na kano zinazojibu haraka, zinazopatikana kwa kuruka kwa nguvu zote huku ukipumzika vya kutosha kati ya mruko na mruko. Wanaoruka mara 200 kwa siku wanajifunza kuruka wakiwa wamechoka. Miruko 20 ya dhati, mara 2 kwa wiki, ikiachana kwa siku 2 au 3, inamtosha sana anayeanza.

Maumivu chini kidogo ya kilegesambwa, hasa asubuhi au unaposhuka ngazi, ni kano ya goti inayokulalamikia, na hali hiyo ni ya kawaida mno kwa warukaji hata ikaitwa kwa jina lao. Ukiipuuza, itakuchukua miezi. Punguza miruko mapema, endelea na mazoezi ya nguvu ya taratibu, na maumivu yakikaidi muone mtaalamu wa viungo. Kijana anayerefuka haraka awe mwangalifu maradufu, kwani mifupa yake pale kano inaposhikia bado haijakomaa.

Kutua nako kunajifunzwa: miguu miwili, magoti yakikunjwa. Shika ringi ikiwa tu mwili unayumba au kuna mtu chini yako, na usiiachie miguu ikiwa bado inabembea mbele, kwani utaangukia mgongo. Sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinakuruhusu kuishika kwa muda mfupi baada ya danki au kujiepusha na jeraha. Kuning'inia kwa maonyesho ni kosa la ufundi. Vua pete kabla ya kucheza. Kidole chenye pete kikinasa kwenye kulabu ya wavu, uzito wa mwili mzima unaning'inia kwenye ngozi ya kidole kimoja, na matokeo yake sitayaelezea. Na uikague ringi yenyewe. Darryl Dawkins wa NBA alivunja mbao mbili za vioo, zile zinazobeba ringi, mwaka 1979, na ringi za springi zinazokubali kuinama zikaja kuenea, lakini viwanja vingi vya wazi vina ringi ngumu zilizofungwa kwa boliti zenye kutu.

Uwanjani pana hatua 2 tu

Anayefikia kudanki peke yake hukutana na mshangao wa mwisho siku ya mechi: danki haionekani. Anapata mpira wa kushtukiza, yuko peke yake, anaruka, na anaishia kufanya leiapu. Miguu haijapungua nguvu. Alizoea hatua 7 za mbio bila mpira na lobu iliyopimwa, na mechi haimpi hata kimoja. Baada ya kuushika mpira ana hatua 2 tu za kumfikisha juu, na nyuma yake kuna mtu anayehema.

Kwa hiyo zoezi la danki ya mechi ni jingine kabisa. Anzia katikati ya uwanja kwa mbio za wastani, na mdundo wa mwisho uusukume mbele sana, ili mpira ukimbie nawe badala ya wewe kuukimbilia. Uushike ukiwa karibu na mstari wa mtupo huru kwa mikono miwili, kwa upande wa nyonga, usiulete kifuani. Hatua ndefu, hatua fupi, juu. Irudie ukiwa umechoka kidogo, kwani mechi haitakupa miguu mibichi, na umwombe mwenzako akimbie nyuma yako bila kukugusa. Lisa Leslie alipopiga danki ya kwanza katika historia ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, tarehe 30 Julai 2002, ilikuwa hivyohivyo: mbio za wazi, mpira mbele yake, hakuna mtu kati yake na kikapu, mkono mmoja, hakuna pambo.